Bereshit, neno la kwanza ndio jina lenyewe

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi kwenye ibada ya nyumbani mtoto wa darasa la tano katuuliza eti nani alikiita kitabu cha kwanza Mwanzo, wakubwa wote tukaanza kupekua Biblia utadhani jibu limeandikwa pembeni pale, hahaha. Nimekaa na hilo swali mpaka leo.

Wayahudi wanakiita Bereshit, na hakuna aliyeumiza kichwa kutafuta jina, wamechukua tu neno la kwanza kabisa, kama sisi tunavyouita wimbo kwa mstari wake wa kwanza. Kitabu cha Kutoka nacho kinaitwa kwa neno la mstari wake wa kwanza, Shemot, yaani majina. Jina la Genesis limetoka kwenye Biblia ya Kigiriki, maana yake asili, chimbuko.

Sasa lione neno lenyewe. Be ni "katika", reshit ni mwanzo, ila ndani yake kuna rosh, kichwa. Na hapa Mswahili huhitaji kwenda chuo cha Biblia, maana Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, kichwa kwa Kiarabu ni ra's, ndiko tulikopata rasi, ile nchi iliyochomoza baharini, na rasilimali, kichwa cha mali, yaani mtaji. Kwahiyo reshit sio muda wa kuanza tu, ni kile kinachotangulia vingine vyote. Ukisoma Mithali 1:7, "Kumcha BWANA ni chanzo cha maarifa", hicho chanzo ni reshit, na malimbuko ya Mithali 3:9 ni reshit hiyohiyo. Mi miaka yote malimbuko nilijua ni habari ya bahasha ya Januari tu, kumbe ni neno lililo mlangoni kabisa mwa Biblia.

Ila kilichonishika zaidi ni herufi ya kwanza ya Bereshit. Nimeichora nyuma ya risiti ya luku: mstari juu, mstari chini, ukuta kulia, kushoto wazi. Hiyo ndio bet, herufi ya pili ya alfabeti ya Kiebrania, na hapo mwanzo kwenye magombo ya Torati huandikwa kubwa kuliko wenzake. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, wa zamani waliuliza kwanini Mungu asianze na alef ambayo ni ya kwanza, na jibu lao mojawapo nalipenda sana, kwamba bet imefungwa juu, chini na nyuma, imeachwa wazi mbele tu, na kumbuka Kiebrania kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwahiyo uwazi unaelekea kule unakosoma. Ya kabla ya hapo usiyachimbe, we soma twende. Bet pia ni nyumba, ndio ileile ya Betheli na Bethlehemu.

Halafu nikaruka mpaka sura ya 50, mstari wa mwisho. Neno la mwisho la kitabu ni Misri, na Yusufu yuko ndani ya sanduku. Kitabu kinaitwa Mwanzo kinaishia kwenye jeneza jamani! Lakini mstari wa 25 kashawaapisha wana wa Israeli waichukue mifupa yake watakapotoka. Alhamisi tunaanzia hapo, na yule mtoto naomba asikose, nimemwekea penseli aichore bet mwenyewe.