Jinsi nilivyoondoa mvumo kwenye spika za kabati langu la michezo

Nilipomaliza kuunda kabati la mbao la michezo ya video, niliamua kulitilia spika za zamani za kompyuta, kwa kuwa amplifaya yake (kikuza sauti) ilikuwa bado nzima. Nilifungua maganda ya plastiki, nikazifunga spika zote mbili juu ya skrini, kisha nikarefusha nyaya zake huku nikihakikisha kwamba chanya na hasi hazibadilishani, kwa sababu spika moja ikiungwa kinyume, koni yake (utando unaotikisika) husukuma hewa wakati ya mwenzake inavuta, na besi hufifia.

Nilipowasha, spika zilivuma mfululizo, na kila picha ilipobadilika ulisikika mlio mwembamba kama wa mbu. Nilishuku kidhibiti cha sauti, nikakisafisha bila mafanikio. Nilipochomoa kebo ya sauti, kelele ilikoma papo hapo, nami nikakielewa chanzo: volti 12 za amplifaya nilizichukua kutoka kwenye pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) ya kompyuta ileile ya kabati iliyoleta sauti, hivyo waya hasi wa umeme na ule wa kebo ya sauti zilifanya mzunguko mmoja uliobeba kelele za kompyuta hadi kwenye amplifaya.

Niliirudishia amplifaya adapta yake ya awali, ambayo transfoma yake inaitenga na umeme wa kompyuta. Mvumo ulitoweka kabisa. Kidhibiti cha sauti nilikihamishia nyuma ya kabati kwa waya wenye kinga ya wavu, na sasa hata nikiongeza sauti hadi mwisho bila mchezo wowote, nasikia ukimya.