Bandari Katikati ya Shamba

Kuhusu Wageningen, Uholanzi, ninakosomea mazingira, sina mengi: mvua, maabara, na chumba ambacho kodi yake ingenipangishia nyumba nzima Tanga. Safari ya Schokland ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilishuka treni Kampen na noti zangu mfukoni. Dereva wa basi akatikisa kichwa: fedha taslimu hapokei. Nikagusisha kadi, ikagoma. Basi likaondoka. Nikakodi baiskeli kwa bei ambayo bodaboda wa Pangani angeona haya kuitaja, nikaanza kupambana na upepo. Nchi ni tambarare kama chapati, huna pa kujikinga. Mapaja yanawaka moto, mara bibi mwenye mvi akanipita amekaa wima. Kumbe baiskeli yake ina mota. Akanisalimu, huyo akaenda.

Schokland kilikuwa kisiwa. Mwaka 1859 mfalme Willem III aliamuru wakazi wa kisiwa, kama 650 hivi, wahame kwa kuwa bahari ilikuwa inakila. Mwaka 1932 Waholanzi wakaziba ghuba nzima iliyokizunguka kwa tuta la kilomita 32, na kufikia 1942 upande huu ukawa umekaushwa. Bandari ingalipo. Nilikaa kwenye gati la mbao, miguu inaning'inia juu ya nyasi, na kule mbele trekta linalima.

Sasa mimi ni wa Pangani. Kisiwa chetu cha Maziwe kilikuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo yasiende na bahari. Wivu ulinishika, sikatai. Mpaka mzee wa makumbusho aliponiambia kuwa Schokland nacho bado kinadidimia, tena kwa ukavu! Chini kuna udongo wa mimea iliyooza tangu kale, ukikauka unasinyaa. Imebidi ubavuni mwake waurudishie maji, huku pampu za eneo lote zikivuta maji na kuyamwaga nje, maana zikizimwa mashamba yote yanageuka ziwa.

Nikampigia mjomba, anayepeleka watalii Maziwe kwa mashua.

"Na samaki wao je?"

"Maji yalipopoteza chumvi, wa baharini waliisha. Mikunga ilibaki, wanaikausha kwa moshi."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia bei ya kipande kimoja ndani ya mkate. Akadhani laini ina mikwaruzo, akaniambia nirudie.