Jokofu ndilo lililonifikisha kwenye sera za chanjo

Nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, kila niliyemwambia nataka kazi ya sera za chanjo alinijibu lilelile: katafute kwanza shahada ya uzamili Ulaya. Ushauri huo ulinilia miaka na hela za maombi, na hadi leo unanikera. Shahada niliipata baadaye, nikisoma huku nafanya kazi. Kilichonifikisha ni jokofu.

Nilikuwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Wote tuliogopa joto, maana kiashiria kwenye kichupa hubadilika rangi chanjo ikipata joto. Baridi kali haikigusi kiashiria hicho, na ndiyo inayoharibu chanjo za pentavalenti (hukinga magonjwa matano), pepopunda na HPV (huzuia saratani ya mlango wa kizazi), ambazo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wahudumu walikuwa wakitoa pakiti za barafu kwenye friza na kuzipanga papo hapo kwenye kibebeo cha chanjo, zikigusana na vichupa. Niliandika ripoti, nikaandika tena. Zikaishia kwenye faili.

Kikao cha robo mwaka nikaenda na vichupa viwili vya pentavalenti, bechi moja. Kimoja nilikigandisha makusudi usiku kucha, kikayeyuka. Kingine kilitoka kwenye kibebeo kilichorudi kutoka kijijini. Nikavitikisa pamoja mbele ya wakubwa, nikavisimamisha mezani, nikakaa kimya. Hakuna aliyetaka kwenda kunywa chai. Ndani ya nusu saa vyote vilikuwa vimetuama kwa kasi moja: mashapo chini, maji maangavu juu. Yaani hata kile cha kijijini kilikuwa kimeganda na kuharibika. Bosi mmoja akauliza, "Hii ndiyo wanayochomwa watoto?" Nikamjibu, "Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana nimeileta."

Wiki hiyohiyo niliambiwa niandike mwongozo: pakiti ya barafu iachwe nje mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Unayetaka kazi hii, anza na daftari la joto la kituo chako. Soma hasa namba za alfajiri.

Kisha nikaitwa wizarani kwa maandalizi ya HPV ya mwaka 2018, wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Baadaye Geneva. Huko mjadala ulikuwa kama dozi moja ya HPV inatosha, na sehemu ya ushahidi ilitoka nyumbani: utafiti wa DoRIS, wasichana 930, Mwanza. Mimi nilieleza nilichokijua, yaani kazi ya kumsaka binti aliyehama shule miezi sita baada ya dozi ya kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO), lenye makao yake Geneva, liliikubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia huko mwaka 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.