Cherehani na sindano za kufumia ughaibuni: pesa inaokolewa wapi

Huku kwenye baridi mtu hugundua mapema kwamba kazi ya mikono ni ghali kuliko kitu chenyewe. Suruali ya mtumba inapatikana kwa bei chee, lakini kumpelekea fundi aipunguze miguu kunaweza kuzidi bei ya suruali yenyewe. Basi mtu anajiambia, nitanunua kitambaa na nyuzi nijishonee. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kitambaa kipya, zipu, vifungo, bitana na uzi, ukivijumlisha, mara nyingi vinaizidi nguo iliyoshonwa tayari. Nyuzi mpya za sufu halisi ndizo kabisa. Anayetaka kubana matumizi aanze na nguo iliyokwisha kutengenezwa: aipunguze, aifumue, aiokoe zipu. Anunue vipya sindano, uzi na lastiki, basi.

Tuanze na sufu, maana ndiyo inayokula pesa zaidi. Sweta la mtumba lina nyuzi za kutosha vitu viwili vitatu, ila si kila sweta linafumuka. Kabla ya kulilipia, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona pande mbili zimeunganishwa kwa uzi uliopita kama msuko mwembamba, na kingo zenyewe ni nzima, hilo chukua. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi kisha zikazungushiwa ovaloki (nyuzi za mashine za kuzuia kingo zisifumuke), liache. Kila safu ilishakatwa pale pembeni, na utakachopata ni vipande vifupi vifupi. Liache pia lililofuliwa kwa maji moto likagandamana mpaka vitanzi havionekani, na lile la manyoya marefu, kwa sababu manyoya hushikana na ukivuta uzi unakatika.

Kama lebo imekatwa, chomoa uzi wa sentimita 5, ushike kwa kibanio juu ya sinki na uuwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiondoa moto, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa. Akriliki si mbaya kwa kofia ya mtoto, inafulika kwa mashine bila wasiwasi, lakini kwa upepo na theluji sufu inabaki na joto hata ikiwa na unyevu.

Kufumua kuna mpangilio wake. Toa kola kwanza, halafu mikono, halafu mabega, mwisho mbavu. Vipande vikishaachana, vuta kuanzia juu. Masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi hukubali kutoka pale ufumaji ulipoishia. Ukianzia kwenye pindo la chini utapambana na mafundo kila safu hadi ulitupe sweta zima. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba isiyobana, uuloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Uminye bila kuusokota, kisha uutundike ukauke. Usifungie kitu kizito chini yake ili unyooke haraka: sufu itavutika, na siku utakapofua ulichofuma itajirudi. Wapo wanaoruka hatua hii ya kulowesha. Uzi wenye mawimbi hukudanganya vipimo, kwa sababu vitanzi hujaa hewa, na ukifua kila kitu hubadilika.

Weka kwenye mizani ya jikoni. Sweta la mtu mzima hutoa kati ya gramu 300 na 600, kutegemea unene. Mzula, au boshori kama wengine wasemavyo, unakula gramu 80 hadi 100, na skafu ya kawaida gramu 150 hadi 200. Nyuzi za sweta la dukani mara nyingi ni nyembamba. Shika mbili au tatu kwa pamoja ufume kama uzi mmoja.

Kwa anayejifunza, mzula ni bora kuliko skafu. Skafu ni ndefu, inachosha, na haikufundishi kupima. Kwa mzula utahitaji sindano mbili za kufumia za milimita 4.5 na uzi wa unene wa kati. Kwanza fuma sampuli ya mraba wa sentimita 12 kwa 12, uiloweshe, ikauke, ndipo uhesabu vitanzi katikati yake ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 20, yaani vitanzi 2 kwa kila sentimita. Kichwa cha sentimita 57 kinataka kofia ya sentimita 52, kwa kuwa ufumaji unavutika na lazima ubane kidogo ili usidondoke. 52 mara 2 ni 104. Ongeza vitanzi 2 vya kushonea nyuma, jumla 106.

Anzisha vitanzi hivyo 106 kwa sindano kubwa zaidi kidogo, ya milimita 5 au 5.5, kisha urudi kwenye 4.5. Ukianzisha kwa mkono uliokaza, ukingo hautavutika, na kofia itakuachia mstari kwenye paji la uso hata kama hesabu yako ni sahihi. Kwa sentimita 5 za mwanzo fuma viwili kwa mbele (knit kwenye vitabu vya Kiingereza), viwili kwa nyuma (purl), ukikiacha pembeni kile kitanzi kimoja cha kila upande. Mistari hiyo ndiyo inayoishika kofia masikioni. Endelea na ufumaji wa kawaida, safu ya mbele na safu ya nyuma, mpaka urefu wote ufike sentimita 13.

Sasa punguza. Kwenye safu ya mbele: kitanzi cha pembeni, kisha fuma 11 na uunganishe 2 kwa pamoja, rudia mara 8, malizia kitanzi cha pembeni. Safu ya nyuma ipite bila kupunguza. Safu ya mbele inayofuata fuma 10 na uunganishe 2, halafu 9 na 2, hivyo hivyo. Baada ya kupunguza mara 12 vitabaki vitanzi 8 na vile 2 vya pembeni. Kata uzi ukiacha sentimita 50, upitishe kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya macho makubwa, uvute mpaka tundu lizibe, na uzi huohuo ukushonee ubavu hadi chini. Kimo kitakuwa kama sentimita 21 au 22.

Kosa linaloharibu mizula mingi liko kwenye ile sampuli. Anayefuma kwa kulegeza akapata 18 badala ya 20, vitanzi vyake 104 vinazaa karibu sentimita 58: kofia inamfunika macho. Anayekaza akapata 22 anaishia na sentimita 47, kofia ya mtoto. Usijilazimishe kubadilisha mkono wako. Badilisha sindano, ukubwa mmoja juu au chini, upime tena.

Upepo hupenya kwenye kitu kilichofumwa, na sufu nyingine inawasha kwenye paji la uso. Dawa ya yote mawili ni ukanda wa flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, kutoka blanketi jepesi au jaketi lililochakaa: sentimita 52 kwa 8, upande unaovutika ukizunguka kichwa. Kingo za flisi hazifumuki, kwa hiyo haina haja ya pindo. Ishone ndani ya kofia kwa mkono, kwa mishono ya kuvukana kama herufi X. Mshono ulionyooka utakatika mara ya kwanza utakapoivuta kofia kichwani.

Glavu za vidole vitano ziache kwanza. Fuma mstatili wenye upana wa sentimita 18 na kimo cha 20, ukunje, ushone ubavu ukiacha tundu la sentimita 5 la kidole gumba, tundu lianzie sentimita 4 kutoka juu. Vidole vitakuwa wazi, lakini kiganja na kifundo vimefunikwa, na simu unaitumia.

Upande wa cherehani, ya mtumba inatosha, hasa zile za zamani zisizo na kompyuta. Zungusha gurudumu kwa mkono: lizunguke bila kukwaruza. Shona kwenye vitambaa viwili, mbele na kurudi nyuma. Hakikisha inachukua sindano za kawaida za nyumbani, zile zilizoandikwa 130/705 H, na uondoke na bobini yake (kigurudumu cha uzi wa chini) mkononi, kwa kuwa bobini zinazofanana kwa macho hazilingani na isiyo yake hukwama. Anayehama kutoka Marekani kwenda Ulaya au Afrika Mashariki asibebe cherehani bila kusoma kibandiko cha mota; ya volti 110 hadi 120 ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 inaungua.

Ikianza kukusumbua, usikimbilie kuchezea mkazo wa uzi. Fujo ya nyuzi chini ya kitambaa, ambayo kila mtu huilaumu bobini, kwa kawaida inatoka juu: uzi ulipitishwa wakati mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano, umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyobana uzi vimefungwa, na uzi hubaki nje yake. Inua mguu, pitisha uzi upya, ushushe, kisha vuta: usikie ukikataa kidogo. Mishono inayoruka kwenye fulana mara nyingi inatokana na sindano ya ncha kali. Weka ya ncha butu, namba 75/11, na utumie zigizaga nyembamba ili mshono uvutike pamoja na nguo. Kwa pamba ya kawaida namba 80/12, kwa jinzi 90/14 au 100/16.

Ukichagua koti au shati la kurekebisha, tazama mabega tu. Mabega yakikaa sawa, vingine vyote vinarekebishika. Yakizidi, rudisha, maana kuyashusha ni kulishona koti upya. Pima koti juu ya sweta lako zito kuliko yote. Unapopunguza mbavu, kumbuka kila sentimita 1 unayoingiza kwenye mshono inakula mbele na nyuma, na mbavu ni mbili: sentimita 1 inapunguza 4. Piga bandi kwanza kwa mishono mirefu, vaa, kaa, inua mikono, ndipo ushone moja kwa moja na kukata kilichobaki.

Suruali ifue kabla ya kuikata. Ivae na viatu utakavyotumia, weka alama, acha sentimita 4 chini ya alama: 1 ya kukunjia ndani na 3 za pindo. Kwenye jinzi, cherehani hukwama pale pindo linapokutana na mshono wa pembeni, kwa kuwa mguu unainama na meno ya chini yanayosukuma kitambaa hayakishiki. Weka kadibodi iliyokunjwa nyuma ya mguu, unene ulingane na ule mshono, na mguu utalala sawa. Chomoa ukishavuka.

Kitambaa cha bei nafuu kiko kwenye foronya kubwa za duveti. Ya mita 2 kwa 2 ina pande mbili, jumla mita za mraba 8, zaidi ya mita 5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Inyanyue dhidi ya mwanga: katikati pakiwa pembamba, kata mavazi kutoka pembeni. Mapazia mazito yanafaa mikoba, ila jaribu kuyachana kwa mikono kwanza, jua la dirishani huozesha nyuzi bila kuonekana.

Na zipu ya koti, ambayo ndiyo sababu makoti mengi mazima hutupwa. Ikifunga mbele huku ikiachia nyuma, hesabu meno. Yakiwepo yote, kilichochoka ni kichwa chake, kile unachokivuta kufunga na kufungua: midomo imepanuka. Kibane kwa plaizi kila upande, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, kwani chuma chake ni rahisi kupasuka. Kikipasuka, geuza nyuma usome namba, kwa kawaida 3, 5, 8 au 10, ununue cha namba hiyohiyo na meno ya aina hiyohiyo; cha plastiki hakikubali meno ya chuma. Ng'oa kizuizi cha juu upande wenye kichwa, toa cha zamani, ingiza kipya kutoka juu, kisha pale palipokuwa na kizuizi rudisha mishono minane au kumi ya uzi mnene mahali pamoja. Meno ya chuma yakikwamakwama yasugue kwa penseli, ya plastiki kwa mshumaa.