Farasi wa Mbinguni Waliotoka Ng'ambo ya Jangwa

Nakala za farasi mmoja wa shaba, ambaye kwato yake moja tu imegusa mgongo wa ndege huku nyingine tatu zikiwa hewani, zimeenea duniani kiasi kwamba wengi wetu tumewahi kuziona juu ya meza ya ofisi au katika kabati la vioo la duka la zawadi. Muuzaji akiulizwa maana yake hujibu kwamba farasi huyo ni alama ya kasi na mafanikio katika biashara. Jibu hilo si uongo, ila limechujwa mno hata utamu wote ukabaki kwenye chujio. Kadiri ninavyozidi kusoma habari za sanamu za farasi wa China ya kale, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maana yake haikuanzia kwenye uzuri wa mnyama wala kwenye mbio zake, bali kwenye uhaba wake. Farasi bora alikuwa kitu ambacho dola ile kubwa, pamoja na nafaka zake zote na hariri yake yote, haikuweza kujitosheleza.

Bonde la Mto Huang He ni nchi ya wakulima. Farasi wa vita anataka malisho mapana, na malisho hayo yalikuwa kaskazini na magharibi, mikononi mwa wafugaji ambao mara nyingi walikuwa ndio maadui wenyewe. Magari ya vita yanayokokotwa na farasi yanaonekana waziwazi katika makaburi ya Anyang, mji mkuu wa nasaba ya Shang, kuanzia mnamo mwaka 1200 KK, na huko hapakuzikwa sanamu bali farasi wenyewe, pamoja na magari na waendeshaji wake. Huko Linzi, mji mkuu wa dola ya Qi, shimo linalozunguka kaburi linalodhaniwa kuwa la Mtawala Jing linakadiriwa kuwa na mifupa ya farasi zaidi ya 600, waliolazwa kwa safu kana kwamba wanasubiri amri. Sidhani kuna hotuba ya kifalme ingeweza kueleza thamani ya farasi kuliko uamuzi huo wa kuwafukia mia sita pamoja na mtu mmoja.

Enzi hiyo ya nasaba ya Zhou, iliyofuata Shang na ambayo Qi ilikuwa sehemu yake, imetuachia pia kitu kidogo na cha upole zaidi. Mwaka 1955, katika wilaya ya Mei mkoani Shaanxi, kilipatikana chombo cha divai cha shaba chenye umbo la mtoto wa farasi, mwenye miguu mifupi na masikio yaliyosimama. Maandishi yaliyochorwa kifuani mwake yanaeleza kwamba mfalme alihudhuria sherehe ya kuwatenga watoto wa farasi na mama zao ili waanze kufunzwa kazi, kisha akamtunukia ofisa wake wanyama wawili wa namna hiyo. Mfalme mzima alisimama zizini, na tukio hilo likaonekana linastahili kuandikwa katika shaba.

Hata dola ya Qin, iliyokuja kuiunganisha China mwaka 221 KK, ilianzia zizini. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba babu wa ukoo huo, Feizi, alipewa ardhi ya Qin na mfalme wa Zhou kwa sababu alikuwa hodari wa kufuga farasi. Kwa hiyo tunapowatazama farasi wa udongo wa kuchomwa waliogunduliwa, pamoja na askari wao wa udongo, katika mashimo ya kaburi la mfalme wa kwanza wa Qin karibu na Xi'an kuanzia mwaka 1974, wakati wakulima walipokuwa wakichimba kisima, tunapaswa kuwaona kuwa zaidi ya vifaa vya jeshi. Wana kimo cha farasi halisi, kiwiliwili kikiwa na uwazi ndani na miguu ikiwa ya udongo mzito usio na uwazi ili ibebe uzito. Katika shimo la pili, kila askari mpanda farasi amesimama kando ya mnyama wake, na juu ya mgongo wa farasi kuna tandiko lililofungwa kwa mikanda, lakini hakuna vikuku vya kukanyagia. Msanii hakuongeza kitu ambacho jeshi halikuwa nacho.

Lakini kiini cha habari hii kimo katika nasaba ya Han, na hasa katika utawala wa Mfalme Wu, ulioanza mwaka 141 KK na kwisha mwaka 87 KK. Wafugaji wa Xiongnu walikuwa wakiisumbua mipaka yake, naye aliamini kwamba hawezi kuwashinda wapanda farasi bila kuwa na farasi wa kuwazidi wao. Mjumbe wake Zhang Qian aliporejea mwaka 126 KK kutoka safari ndefu ya magharibi, alileta habari za nchi ya Dayuan, yaani bonde la Ferghana katika Asia ya Kati, ambako farasi walitoka jasho la damu na walisemekana kuwa uzao wa farasi wa mbinguni. Maelezo yanayotolewa mara nyingi siku hizi ni kwamba damu hiyo ilisababishwa na minyoo wanaoishi chini ya ngozi, lakini watu wa zama zile waliona ishara ya mbingu.

Mfalme alituma wajumbe wakanunue. Wajumbe hao walibeba dhahabu nyingi na sanamu ya farasi iliyotengenezwa kwa dhahabu, na wenyeji wa Dayuan walipokataa kuuza, mjumbe mmoja kwa hasira aliivunjavunja sanamu hiyo mbele yao akaondoka. Aliuawa njiani pamoja na wenzake. Vita vilivyofuata vilianza mwaka 104 KK na kwisha mwaka 101 KK. Msafara wa kwanza ulishindwa vibaya. Wa pili ulikuwa na askari 60,000 na farasi 30,000, na kwa mujibu wa Sima Qian waliorudi hawakuzidi sana askari 10,000 na farasi 1,000. Walichokwenda kukitafuta ni makumi machache ya farasi wa daraja la juu, pamoja na wengine 3,000 wa daraja la kati na la chini, ambao nao si wote waliofika. Mfalme alifurahi, akaagiza utenzi wa kuwasifu farasi wa mbinguni, na ndani yake farasi huyo ni mtangulizi wa joka, anayefungua njia ya kwenda kwa wasiokufa. Nionavyo mimi, kwa gharama kama ile, farasi asingeweza tena kusemwa kuwa mnyama tu. Ilibidi awe wa mbinguni. (Wasomaji wa pwani yetu watamkumbuka twiga aliyepelekwa kutoka Malindi hadi kwa wafalme wa Ming mwaka 1415 na kupokewa kama qilin, mnyama wa heri anayejitokeza mtawala akiwa mwema. Fikra ni ileile: mnyama adimu kutoka mbali ni barua ya pongezi kutoka mbinguni.)

Sanamu mbili za zama hizo zinafaa kutazamwa pamoja. Ya kwanza iko kwenye kaburi la jemadari Huo Qubing, aliyefariki mwaka 117 KK akiwa kijana mdogo baada ya kuwanyang'anya Xiongnu malisho ya chini ya milima ya Qilian. Ni farasi wa jiwe la itale, mwenye kimo cha mita 1.68 hivi, na chini ya tumbo lake amelala chali mtu mwenye ndevu, upinde ungali mkononi. Farasi harushi mateke wala hafungui mdomo. Amesimama tu, mzito na mtulivu, na mshindwa yuko chini. Mchongaji hakutoboa nafasi baina ya miguu, hivyo farasi, adui na mwamba ni kitu kimoja. Shingo ni nene, miguu ni mifupi: huyu ni farasi wa nyika za kaskazini, maana wa Ferghana walikuwa bado hawajafika. Ya pili ni farasi wa shaba aliyepakwa dhahabu, mwenye kimo cha sentimita 62, aliyepatikana mwaka 1981 karibu na Maoling, kaburi la Mfalme Wu mwenyewe. Huyu ana miguu myembamba, masikio yaliyochongoka na kichwa kilichoinuliwa, na wataalamu wengi humwona kuwa ni farasi wa Ferghana. Jiwe linasema ushindi. Dhahabu inasema tamaa iliyotimizwa.

Farasi wa shaba alikuwa na kazi nyingine pia, ya kawaida zaidi. Mwaka 44 BK jemadari Ma Yuan, aliyerudi kutoka vita vya Jiaozhi, eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Vietnam, aliyeyusha ngoma za shaba alizoziteka huko akatengeneza farasi wa mfano na kumkabidhi mfalme. Sanamu hiyo ilikuwa kipimo: anayetaka kujua farasi mwema ana mdomo gani, meno gani na kwato gani, aitazame. Katika waraka wake alieleza kwamba farasi ndiye msingi wa silaha na tegemeo kubwa la dola.

Tukirudi kwa yule farasi wa maduka ya zawadi, yeye alipatikana mwaka 1969 huko Leitai, mjini Wuwei mkoani Gansu, wanakijiji walipokuwa wakichimba handaki la kujikinga na mabomu. Wuwei iko katika ukanda uleule ambao Huo Qubing aliuteka. Sanamu ina kimo cha sentimita 34.5 na ni ya mwishoni mwa zama za Han. Haendi shoti kama wengi wanavyodhani: miguu ya upande mmoja inasogea pamoja, mwendo wa telki unaomstarehesha mpanda farasi katika safari ndefu. Kwato ya nyuma ya kulia ndiyo iliyotua juu ya ndege, na ndege amegeuza kichwa kana kwamba ameshtuka, haamini kilichompitia. Mwanazuoni Guo Moruo alipoiona mwaka 1971 aliipa jina la farasi anayemkanyaga mbayuwayu, ijapokuwa mkia wa ndege huyo haukugawanyika kama wa mbayuwayu na wapo wanaoshikilia kuwa ni kozi. Mimi ninawaunga mkono hao wa kozi, kwa kuwa kumpita ndege awindaye ni sifa kubwa zaidi.

Nasaba ya Tang ilianza karne ya 7 ikiwa na farasi wapatao 5,000, na katikati ya karne hiyo kumbukumbu zake zinataja 706,000. Mwaka 667 mafundi na wafanyabiashara walipigwa marufuku kupanda farasi. Ndiyo maana farasi wa udongo wenye rangi tatu za kung'aa, yaani kaharabu, kijani na maziwa, ambao wamejaa katika makaburi ya Xi'an na Luoyang, walikuwa tangazo la cheo. Baadhi yao wana mfuo shingoni na tundu nyuma, ambamo zilipachikwa nywele halisi.

Kwangu mimi, hata hivyo, kilele ni farasi sita wa Mfalme Taizong, waliochongwa kwa agizo lake juu ya mabamba ya mawe kwa ajili ya kaburi lake la Zhaoling, lililoanzwa mwaka 636. Kila mmoja alikuwa farasi halisi aliyempanda vitani kabla ya kutawazwa, akiwa na jina lake. Katika bamba la Saluzi, jemadari Qiu Xinggong amesimama mbele ya farasi akimchomoa mshale kifuani, kama ilivyotokea katika vita karibu na Luoyang mwaka 621. Farasi amerudisha uzito nyuma kidogo, ameinamisha kichwa hadi karibu na mtu huyo, na anavumilia. Quanmaogua ameonyeshwa akiwa na mishale tisa mwilini. Hapa farasi ameacha kuwa mnyama wa miungu na kuwa askari mwenzake mfalme. Mabamba hayo mawili yako Philadelphia tangu mwaka 1918, katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Manne yaliyobaki, ambayo yalivunjwa vipande ili yasafirishwe kwa magendo yakazuiwa, yako Xi'an.

Mfalme Xuanzong, aliyetawala kuanzia mwaka 712 hadi 756, alifuga farasi waliofundishwa kucheza ngoma, na chupa ya fedha iliyofukuliwa mwaka 1970 katika kijiji cha Hejia mjini Xi'an inamwonyesha mmoja akiwa amekunja miguu ya nyuma, kikombe kikiwa mdomoni. Uasi wa An Lushan ulipozuka mwaka 755, baadhi ya farasi hao waliangukia mikononi mwa jemadari Tian Chengsi, ambaye hakujua ni farasi gani. Siku moja muziki ulipopigwa kambini walianza kucheza, na askari, wakidhani wamepagawa, wakawapiga. Kadiri walivyopigwa ndivyo walivyozidi kucheza kwa ustadi, wakiamini wamekosea hatua, mpaka wakafa. Baada ya uasi huo malisho ya magharibi yaliangukia mikononi mwa Watibeti, na serikali ikawa inawalipa Wauighuri majora 40 ya hariri kwa farasi mmoja, wengi wao wakiwa dhaifu. Katika miaka hiyohiyo farasi wa rangi tatu wakaanza kupungua makaburini.