Kumbukumbu ya mradi: kioo cha pembeni hatimaye kimekubali

Jana saa kumi na moja jioni, katika chumba cha ushauri nasaha tunachokitumia hapa Nakuru, lori lilitokea ndani ya kioo cha pembeni cha matatu niliyoichora kwa ajili ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtu aone mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, likakua taratibu bila kukwama hata mara moja, na mzee aliyekuwa ameshika usukani akasema kwa sauti ya chini, "Huyo sasa anakuja." Nimeyasubiri maneno hayo kwa wiki tisa. Ninaandika usiku huu huu kwa sababu nina furaha isiyonipa usingizi, na kwa sababu najua kwamba nikichelewa nitasahau ni kipi hasa kilichotatua tatizo.

Mradi wetu hutumia miwani hiyo kumsaidia mtu kuikabili hofu yake hatua kwa hatua, na kwa wanaoufuatilia tangu mwanzo, mandhari bado ni ileile: mteremko wa kutoka Sachangwan kwenda Salgaa, ukiwa unarudi Nakuru, ndani ya matatu ya abiria 14. Mteja wetu, ambaye ameniruhusu nieleze kiasi hiki na si zaidi, alikuwa dereva wa njia hiyo hadi lori lililopoteza breki lilipomgonga kutoka nyuma. Hajashika usukani tangu siku hiyo, na hata akiwa abiria huketi kiti cha nyuma kabisa akiwa amefumba macho. Tiba yenyewe si kazi yangu. Inaendeshwa na mwanasaikolojia aliyesajiliwa, tunayemwita Daktari, ambaye ndiye anayepanga ngazi ya hofu, kuanzia jambo jepesi hadi lile zito, anayeuliza namba ya dhiki kila baada ya dakika mbili kwa kipimo cha 0 hadi 100 tulichorithi kutoka kwa Joseph Wolpe, na anayeamua ni lini tusonge mbele na ni lini tusimame. Mimi natengeneza programu, nafunga miwani, na kuhakikisha kwamba namba hizo zinabaki kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, kwa sababu kumbukumbu za afya ya mtu si kitu cha kuachwa kikielea.

Katika kikao cha kwanza cha majaribio, miezi kadhaa iliyopita, mteja aliivua miwani kwenye kona ya tatu. Uso ulikuwa umelowa jasho, mkono umeshika tumbo, na namba aliyotoa ilikuwa 75. Kwa dakika chache nilidhani tumefanikiwa kuiamsha hofu, hadi Daktari alipompa dodoso la Kennedy na wenzake la mwaka 1993, lile lenye dalili 16 za ugonjwa wa vifaa vya kuigiza mwendo, na majibu yakaonyesha kizunguzungu, macho kuchoka na kichefuchefu cha kutosha kumlaza mtu. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi hii. Jasho ni la hofu, na jasho ni la kichefuchefu pia. Tumbo husokota kwa yote mawili. Mtu anayejifunza kuikabili barabara aliyoiogopa, kisha akatapika kwa sababu picha inakwamakwama, hatakuwa amejifunza kwamba barabara inavumilika. Mwili wake utakuwa umepewa sababu mpya ya kuikimbia. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mkubwa siku hiyo, kwa maana mtu huyo alikuwa amejikaza kuja, na kilichomdhuru ni kazi ya mikono yangu.

Chanzo nilikipata upesi: kioo cha pembeni. Tunatumia miwani ya Quest 2 katika mwendo wa fremu 72, yaani picha 72, kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 13.9 za kuchorwa, kwa macho yote mawili. Bila kioo, mandhari yangu ilichorwa kwa milisekunde 11. Nilipoweka kioo kwa njia ya kawaida, yaani kamera ya pili inayotazama nyuma na kumwaga picha yake juu ya kioo, ilifika 19. Fremu isipowahi, miwani hurudia ile iliyopita na kuizungusha kidogo ifuate kichwa, na hilo huficha mengi mtu anapotazama mbele. Lakini milingoti na miti inayopita kando ya dirisha huanza kuruka, na jicho la mtu anayepiga kona hugundua hata kama yeye mwenyewe hajui ni nini kinachomsumbua.

Nilifanya jambo ambalo lilionekana la busara: nilikiondoa kioo. Nilijitetea kwa historia. Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao walipochapisha utafiti wao kuhusu hofu ya vimo mwaka 1995, lifti, roshani na madaraja waliyowaonyesha watu yalikuwa michoro ya kawaida sana kwa macho ya leo, na bado watu walitetemeka na wakapata nafuu. Kama picha duni iliweza kuamsha hofu wakati ule, niliwaza, matatu isiyo na kioo itafaa pia. Tukafanya kikao cha pili. Picha ilikwenda laini kama maji, dodoso la kichefuchefu likarudi karibu tupu, na namba ya dhiki haikupita 20 kuanzia Sachangwan hadi Salgaa. Mzee alivua miwani akaniambia kwa upole, "Kijana, umenitengenezea barabara nzuri. Lakini mimi sikuogopa barabara. Mimi niliogopa kile nilichokiona nyuma."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Siku ya ajali alikuwa ameliona lile lori kwenye kioo cha upande wake wa kulia, kwanza dogo, kisha kubwa, kisha likajaza kioo kizima. Ile lifti ya 1995 ilikuwa duni kwa rangi, lakini kimo kilikuwepo, na anayeogopa vimo alikutana na kimo. Mimi nilikuwa nimeipamba barabara yote, hadi vibanda vya mahindi ya kuchoma, nikaondoa kipande kimoja chenye ukubwa wa kitabu ambacho ndicho kilichobeba hofu yote.

Basi kioo kilipaswa kurudi, na kisizidi milisekunde mbili. Nilijaribu kupunguza pikseli zake hadi lori likawa doa. Nilijaribu kukichora kila fremu ya tatu, lori likaja kwa kurukaruka. Nilijaribu kukichora kwa jicho moja na kuyapa macho yote mawili picha ileile, na hapo muda ulitosha, lakini kioo kikawa bapa kama picha iliyobandikwa kwenye mlango. Kioo halisi kina kina: ukikitazama, macho yako hulenga mbali, nyuma ya kioo. Kwa miwani ya uhalisia pepe tofauti hiyo haifichiki, na mteja aliigundua kabla hata sijamwambia nimebadilisha nini.

Suluhisho nililijua tangu mwanzo, na hilo ndilo lililoniudhi. Huhitaji kamera ya pili kabisa. Unachora nakala ya lori na kipande cha barabara upande wa pili wa kioo, kana kwamba kioo ni dirisha, kisha unatumia stensili: kioo kinaweka alama kwenye pikseli zake, nakala inachorwa penye alama peke yake, na mandhari ya kawaida inaamriwa isichorwe penye alama hiyo. Macho yote mawili yanapata kina sahihi bure, na gharama ni lori moja la ziada. Unity, programu ya kutengenezea michezo na mandhari kama haya, imekuwa na stensili kwa miaka mingi. Lakini niliihama Unity baada ya Septemba 2023, walipotangaza ada ya kila usakinishaji, na ingawa waliifuta ada hiyo mwaka uliofuata, sikuwa tena na moyo wa kujenga kitu cha matibabu juu ya masharti yanayoweza kubadilika usiku mmoja. Godot, programu ya aina hiyohiyo niliyohamia, ni huru, faili lake ni dogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la kawaida, na hufunguka hata kwenye kompyuta yangu kuukuu. Ilichokosa ni stensili tu. Mwenzangu mmoja wa Kisumu, anayetengeneza mandhari ya ziwa kwa wanaoogopa maji, alinisihi nirudi Unity na kumaliza kazi kwa wikendi moja, na nakiri kwamba kuna usiku nilikaribia kumsikiliza. Kisha toleo la 4.5 la Godot likatoka Septemba 2025 likiwa na stensili ndani yake, na mara tu nilipopata nafasi ya kuhamisha mradi kutoka 4.4, nilianza upya kioo changu.

Haikuwa rahisi hata hivyo. Ukigeuza umbo kwa kulipatia kipimo hasi, nyuso zake zinageuka ndani nje, na lori langu la kwanza lilionekana kama boksi lililopasuliwa. Nikafanya uzembe: badala ya kuligeuza kama kioo kinavyogeuza, nililizungusha tu limtazame dereva, kwa kuwa lori ni karibu sawa kushoto na kulia, nikadhani hakuna atakayetambua. Mzee alitazama kioo kwa sekunde mbili. "Maandishi yanasomeka," akasema. Nilikuwa nimechora maneno juu ya kioo cha mbele cha lori, kama malori yetu yanavyopambwa, na yalisomeka sawasawa. "Miaka ishirini na miwili nimeyaona malori kwenye kioo. Maandishi hugeuka." Namba yake ilikuwa 30 na ikabaki hapo hapo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha kuamua kwamba kile si kioo.

Nikageuza kila kitu kwa haki, nikageuza na mpangilio wa nyuso, na siku mbili zaidi zikaishia kwenye mfuatano wa uchoraji, kwa sababu kioo kisipotangulia kuweka alama, mandhari inajaa ndani yake. Kisha nikakumbuka kwamba kioo cha pembeni cha magari haya kimebinuka kidogo na hukionyesha kitu kikiwa kidogo kuliko kilivyo, nami nilikuwa nimekifanya bapa. Nikapunguza nakala ya lori kwa theluthi moja na kuuacha umbali wake ulivyo. Jumla ikawa milisekunde 12.6. Nilikaa nikiitazama namba hiyo kwa muda mrefu.

Mpango wangu wa mwezi huu ulikuwa kuongeza mvua na kuanza mandhari ya ukingo wa kreta ya Menengai kwa mteja mwingine anayeogopa vimo. Yote hayo nimeyaweka kando, kwa sababu nilipokuwa nikisubiri toleo jipya nilivutwa na sauti. Nilisimama kando ya barabara kuu asubuhi tatu nikiwa na kinasa sauti, mahali salama mbali na lami, nikarekodi trela zikiteremka. Lori linaloshuka kwa gia ya chini lina mngurumo mzito na pumzi fupi za breki za upepo. Lori lililotolewa gia ili kuokoa mafuta huja karibu kimya, matairi tu yakivuma, na ndilo dereva wa mbele analoliogopa. Nilisafisha rekodi hizo kwa programu ya sauti ya Audacity na kuziweka zote mbili, na Daktari sasa anachagua kutoka kwenye kompyuta yake ni lori la aina gani linatokea, liko umbali gani, na kama litapunguza mwendo au litapita kando. Halimgongi mteja kamwe. Hilo tulikubaliana kabla sijaandika mstari wa kwanza.

Usukani nao ni wa kweli, nimeununua kwa fundi wa magari makuukuu na kuufunga kwenye ubao, na nashauri kila anayefanya kazi kama hii afanye hivyo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Anayeendesha huugua mwendo kidogo kuliko anayeendeshwa, na mikono iliyoshika kitu kigumu, chenye ngozi iliyosuguliwa na viganja vya watu wengine, huamini mapema kuliko macho.

Jana basi. Kona ya tatu tuliipita. Lori lilitokea kwenye kioo likiwa kama sanduku la kiberiti, maandishi yamegeuka. Namba ilipanda 40, 60, 80. Nilimwona akiachia mguu kwenye kanyagio ambalo halipo, vidole vikakaza usukani hadi vikapauka, kisha kioo kikajaa bampa, na Daktari hakusema chochote isipokuwa, "Endelea kutazama, Mzee. Niko hapa." Lori likapita kando, likatoweka mbele. Alipumua. Tukarudia. Mara ya nne namba ilianzia 65, ya sita ikaishia 35. Dodoso la kichefuchefu lilirudi na alama mbili ndogo, zote za macho kuchoka. Hatimaye nilikuwa na namba ya hofu iliyokuwa ya hofu peke yake.

Alipovua miwani hakuzungumza kwanza. Alijifuta uso kwa leso, akaomba maji, kisha akanigeukia. "Kijana, hiyo ni ya mchana. Usiku huoni lori. Unaona taa mbili tu, na hujui ziko mbali kiasi gani."

Daktari ameiandika kwenye ngazi, juu ya lori la mchana. Nami nimekwisha fungua faili jipya: kioo cheusi, na ndani yake taa mbili.