Farasi Wangu Aliishia Lamu

Nilipanda basi la alfajiri Malindi nikiwa na mkoba mmoja, na ndani ya mkoba mswada wa farasi. Kurasa 32, kipimo cha kawaida cha kitabu cha picha cha watoto, na zote nilikuwa nimezijaza. Farasi anazaliwa dhaifu, siku saba hawezi kusimama, wenzake wanamcheka, anajikaza, na kwenye ukurasa wa 31 anashinda mbio. Mhariri aliupenda. Aliyenikwamisha ni binti wa jirani yangu, wa darasa la tatu. Nilimsomea barazani, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Shangazi, wewe farasi ulimgusa lini?"

Sijamgusa hata siku moja. Farasi wangu wote nimewatoa kwenye filamu. Huku pwani farasi ni wa kusikia tu. Washairi wa Pate waliwajaza katika tenzi zao za vita, lakini aliyeleta maji na mchanga mlangoni ni punda. Na bara ya nyuma yetu mbung'o waliwaua farasi kwa nagana, ugonjwa wanaoueneza wakiuma, ndiyo maana misafara ya zamani ilikwenda kwa mabega ya wapagazi. Nikajiambia, kama sina farasi wa kugusa, nikamtafute binamu yake, tena kule ambako yeye ndiye gari, mkokoteni na lori.

Safari yenyewe haina mengi. Gongoni, Garsen tukavuka mto Tana, Witu, Hindi, na kila penye kizuizi askari wanataka vitambulisho. Aliyekaa karibu nami alilala begani kwangu kutoka Garsen na hakuniomba radhi. Mokowe tukashuka, tukaingia boti, na muda si mrefu nyumba nyeupe za Lamu zikawa zinatukodolea macho juu ya maji.

Watu husifu milango ya kuchongwa na mji mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mimi kilichonipokea ni harufu. Kinyesi cha punda, chumvi, samaki, na mahamri ya mtu asiyeonekana. Vichochoro ni vyembamba hivi kwamba nilipokutana na punda wenye shogi zilizojaa mchanga ilinibidi nijibandike ukutani kama tangazo. "Ndia! Ndia!" kijana aliyewafuata akapaza sauti. Nilichelewa kuelewa kwamba ananiomba njia kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na shogi ikanipaka mchanga toka kiunoni hadi goti.

Siku ya pili nilikaa gatini tangu asubuhi. Jahazi lilikuwa limeleta saruji, na wapakuzi wanaipandisha punda magunia mawili mawili, kila upande moja. Punda mmoja wa kijivu, mwenye ule mstari mweusi unaopita mabegani kama msalaba, alifika penye ngazi zilizolowa maji na ukijani wa mwani, akasimama. Kijana aliyekuwa nyuma yake na punda mwingine akaanza kupiga kelele. Mwenye punda yule, mzee wa kofia na kikoi, hakusema neno. Alishusha gunia moja, kisha la pili, akaketi juu yake.

"Mzee, amechoka?" nikauliza.

"Hakuchoka, dada. Mwate. Yuwaangalia tini." Yaani nimwache, anaangalia chini.

Tukasubiri. Punda akainamisha shingo, akanusa ngazi, akaweka kwato moja, akairudisha, akaiweka tena. Kisha akashuka zote kama bibi arusi, mzee akampandishia mzigo wake, wakaenda. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika hata herufi. Katika mswada wangu, kusimama ni kushindwa. Kila anaposimama farasi wangu, kuna mtu au sauti ya kumwambia asonge.

Sitaki kuwapamba wenye punda wote. Jioni ileile nilimwona mwingine, ubavu wake umechubuliwa na kamba ya nailoni hadi nyama nyekundu, na bado yuko kazini. Ndipo nikaenda kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza linalotibu punda hapo Lamu bila malipo tangu 1987. Waliopanga foleni ni punda na watoto waliowaleta, wengine watoto wadogo kuliko yule wa darasa la tatu. Mganga mmoja alikuwa anasafisha kwato na akakubali kuzungumza nami akiendelea na kazi. Farasi akiogopa hukimbia, akaniambia, punda akiogopa husimama aamue kwanza. Watu huita huo ukaidi. Na punda huficha maumivu, kwa hiyo ukimwona analegea ujue ameumwa siku nyingi.

Nikaona nimepata mtu wa kumsomea. Nikatoa mswada. Nilipofika pale mtoto wa farasi anapigania kusimama siku saba, mganga aliacha kisu.

"Siku saba?"

"Ndiyo. Ndipo watoto wajue kuvumilia."

"Mama, huyo amekufa." Akacheka, na wale watoto wa foleni wakacheka naye ingawa sidhani walielewa. Akanieleza kwamba mtoto wa farasi, na wa punda pia, husimama ndani ya saa moja au mbili hivi, kwa sababu lazima anyonye maziwa ya kwanza mapema, hayo ndiyo yanayompa kinga. Akikawia, daktari aitwe. Mama yake amembeba miezi kumi na mmoja kwa farasi, kama kumi na miwili kwa punda. Kazi kubwa ilifanyika humo tumboni, kabla msomaji hajafungua kitabu.

Niliaibika, kusema kweli, na nikafurahi kwa wakati mmoja, jinsi mtu anavyofurahi jino bovu linapong'oka. Mswada wangu wote ulisimama juu ya hizo siku saba.

Usiku nilipanda juu ya paa la nyumba niliyopanga chumba. Punda walikuwa wamefunguliwa, wanajizurulia vichochoroni wakitafuta maganda, na kila mara mmoja anapolia wengine wa mtaa wa pili wanamjibu. Nikafuta mbio. Nikafuta wenzake wanaomcheka, maana sikuwaona popote. Nikabaki na punda wa kijivu, ngazi, mwani, na mzee aliyeketi juu ya gunia. Kurasa kumi na mbili tu, na katika nne kati ya hizo hakuna mtu anayesema kitu. Mhariri atalalamika, najua.

Kabla ya kurudi nilimtafuta mzee gatini, nikamwomba nimguse punda wake. Alishangaa, akanionyesha pahali: nyuma ya masikio, penye manyoya mazito. Punda akaniegemea kwa uzito wake wote mpaka nikayumba.

Malindi nilifika magharibi. Binti wa jirani alikuwa barazani na daftari la hesabu. Nikamsomea kurasa zile kumi na mbili. Akanyamaza kidogo.

"Na huyu je, ulimgusa?"

Nikamnyoshea mkono. Akaunusa, akakunja pua, akasema nianze tena kutoka mwanzo.